Siku Walipomrudisha Wakili

Nakumbuka sauti ya kayamba ikija kichochoroni, Jumamosi moja asubuhi, Malindi, miaka ya themanini, mimi ningali msichana. Chaka, chaka, chaka. Ikanyamaza kidogo penye kona ya msikiti, kisha ikaanza tena, karibu zaidi. Nilikuwa uani nasugua sufuria kwa mchanga, na moyo wangu uliruka kwa furaha kabla sijamwona anayeipiga. Mwanangu, mpaka leo kayamba ikipigwa harusini watu wakainuka kucheza, mimi hukaa. Wajukuu wangu hudhani ni magoti. Basi leo nitakwambia kwa nini hukaa.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na masomo yangu yalikomea hapo. Kwetu ni upande wa Gede, na babu yangu, Mzee Katana, alikuwa ndiye msemaji wa wazee wa kijiji. Nilikuja Malindi kumlelea mtoto wakili mmoja mwanamke aitwaye Mbeyu, Mrabai, binti wa mwalimu wa kanisa. Mumewe, Bwana Justus, alikuwa mtu wa bara, mfanyakazi wa serikali. Mtoto wao, Neema, alikuwa bado ananyonya, nami nikamwita mama yake Mama Neema, kama kila mtu pale mtaani.

Sijapata kuona mtu wa kufanya kazi kama yule. Asubuhi yuko kortini, mchana yuko ofisini kwake, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Jumamosi alasiri ngazi za ile ofisi zilijaa wanawake wa leso, huyu mjane aliyefukuzwa na mashemeji, yule ameachwa na watoto bila matunzo, na hao wote aliwasikiliza bure. Neema nilimbeba mimi mgongoni mpaka veranda ya korti. Kesi zikipumzika, Mama Neema hutoka mbio, hukaa kwenye benchi, akafungua vifungo chini ya lile joho jeusi, mtoto ananyonya naye anasoma karatasi zake juu ya kichwa cha mtoto. Wanaume waliokuwa wakingoja kesi zao walitazama kando. Babu yangu aliwahi kumwona hivyo, akaniambia, "Dama, twamtesa mwana wa watu." Shika neno hilo, utaona lilikotupeleka.

Mimi nilikuwa msichana wa ndoto nyingi. Kila nikilipiga pasi lile joho, hulivaa kwanza nikawashitaki kuku wa jirani. Siku moja akanikuta uani, joho linaburura mchangani, mikono kiunoni, nikimwambia jogoo kwa sauti, "Mheshimiwa hakimu!"

Nilijua nimefukuzwa. Lakini alicheka mpaka akashika ukuta.

"Dama, toa mikono kiunoni. Hakimu atadhani umekuja kumuuzia samaki. Simama wima, mikono kando. Useme polepole. Na usiombe radhi kabla hujakosea."

Tangu siku ile nikajiona wakili nusu.

Sasa kesi yenyewe. Alitokea mtu na hati ya ardhi ya kijiji chetu. Sisi tulizaliwa pale, na minazi ile ilipandwa na baba za babu zetu, lakini karatasi hatukuwa nayo. Pwani yetu waijua, mwanangu. Mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na huenda hao wawili hawajapata hata kusalimiana. Mwenye hati akaleta tingatinga, ati pajengwe hoteli. Minazi ya mama yangu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye njia ya lile tingatinga. Nikalia jikoni. Mama Neema akaniuliza, nikamweleza, na kesho yake akaenda kujionea, viatu mkononi kwa ajili ya mchanga. Akaichukua kesi ya kijiji kizima.

Akapigana nayo. Hatimaye hakimu akatoa amri kwamba tingatinga liondoke, lisirudi mpaka kesi isikizwe. Nilikuwepo, Neema mgongoni. Tulipotoka nje Mama Neema aliwakusanya wazee wetu pale uwanjani, akawaeleza neno kwa neno. "Wazee wangu, tingatinga limezuiwa tu. Kesi yenyewe bado. Kuna siku itaitwa, na siku hiyo ndiyo ya kuamua." Wakaitikia, "Naam, naam." Lakini walipofika nyumbani waliliona tingatinga likipakiwa kwenye lori, lori likaondoka, vumbi likatulia. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Baada ya hapo lile neno "bado" halikuwa na pa kuingilia.

Na kwa Mama Neema nako kulikuwa na jambo lao. Bwana Justus alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Nakuru. Hakuwa mtu mbaya, wala sijamsikia kupaza sauti. Nilikuwa napakua wali walipokubaliana.

"Nitaomba waningoje," akasema. "Kesi yako ya minazi ikiisha, twaondoka sote."

"Ikiisha," akasema Mama Neema.

"Ndiyo, ikiisha."

Basi ile Jumamosi kayamba ikaja. Mbele alikuwa Babu na fimbo yake, kisha wazee wenzake, kisha wanawake waliovaa mahando, zile sketi zetu za marinda, na mama yangu kati yao akikumbatia jogoo. Mzee mmoja alibeba nazi iliyochipua, majani mawili mabichi yakimgusa shavu. Nikaitupa sufuria, nikakimbilia kucheza. Nilijua wamekuja kumtukuza Mama Neema, na mimi, mtu wa nyumba yake, nitatukuka pembeni yake.

Mama Neema alikuwa anamwogesha mtoto. Akatoka povu la sabuni limempanda mpaka viwikoni, uso unang'aa.

"Shikamooni, wazee wangu!"

"Marahaba, mwanetu," wakaitikia. Lakini Babu hakusimama. Alimpita, akaenda moja kwa moja mpaka barazani, alipokaa Bwana Justus na gazeti lake.

"Bwana," akasema Babu, kwa kile Kiswahili chake cha heshima alichokiweka kwa ajili ya wageni, "sisi si watu wezi. Tulimchukua mkeo tukamtumia. Ameacha jiko lake kwa ajili yetu. Amenyonyesha mtoto kwenye benchi la korti kama mtu asiye na kwao. Tuliliona hilo, tukaona haya. Nawe ukanyamaza, hukuja kutuuliza. Mwanamume mwingine angekuja na panga."

Watu wakacheka. Bwana Justus naye akacheka, akalikunja gazeti.

"Sasa kesi imekwisha. Leo tumekuja kumrudisha."

Akamshika Mama Neema mkono, ule ule wenye povu, akamvuta kidogo, akautia mkononi mwa mumewe. "Mzima huyo. Hajavunjika popote. Kagua!" Vigelegele vikapasuka, kayamba ikalia, na mimi, Mungu anisamehe ujana wangu, miguu yangu ilikuwa ingali inacheza.

"Wazee wangu," akasema Mama Neema, mkono bado umeshikwa, "nashukuru sana. Lakini kesi haijaisha. Niliwaambia siku ile. Itaitwa tena."

Babu akamtazama kwa huruma. Ilikuwa huruma ya kweli, mwanangu, nami namjua babu yangu. "Mwanangu, umechoka wewe. Tingatinga tumeliona likienda, kwa macho yetu haya. Pumzika sasa, umlee mtoto."

"Babu, si habari ya tingatinga..."

"Pumzika, mwanangu."

Bwana Justus akasimama, akawapa mkono mmoja mmoja. "Nimempokea, wazee. Asanteni sana."

Nikajipenyeza mpaka kwa mama yangu. "Mama, mwambie Babu. Mimi nilikuwepo, nilisikia. Kesi bado."

Mama hakunitazama. Alikuwa ameng'ang'ana na jogoo wake aliyetaka kuponyoka. "Wakili mwenyewe hakusikizwa, utasikizwa wewe mkosha vyungu? Piga makofi, watu watuangalia."

Walipokwisha kunywa chai na kwenda zao, nilikuwa naokota vikombe barazani. Mama Neema akasema, "Justus, haijaisha. Wewe wajua."

"Mbeyu, wenye kesi wenyewe wamesema imekwisha."

"Hawajui wasemalo."

"Wamekurudisha mbele ya watu," akasema Bwana Justus, akitabasamu kama anayemtania mtoto. "Wataka nami nikurudishe kwao?"

Mwanamke niliyemwona akiwanyamazisha mawakili wenye mvi, akainuka kwenye baraza yake mwenyewe, akaingia ndani.

Alinikuta jikoni, machozi yananidondoka kwenye maji ya vyombo. Akanigombeza, mara ya kwanza na ya mwisho. "Nyamaza, Dama. Machozi hayatamsimamia mtu kortini. Hawa hawakuja na ubaya. Ubaya ningejua kuujibu, ndiyo kazi niliyosomea. Wema huu ndio ulionishinda. Nawe ukija kupata kazi yako, usimwachie mtu mwingine aseme imekwisha. Hata akija na ngoma."

Kisha akachukua kitambaa, akanisaidia kupangusa vikombe.

Walihama kabla ya mvua. Kesi alimkabidhi wakili mwingine wa pale mjini, akatuma salamu kwa wazee waende wakamwone, akatuma tena. Hawakwenda. Mtu huenda kwa wakili kufanya nini, na kesi imekwisha? Nami nilikuwa nimerudi nyumbani, nikamwambia Babu kila jioni mpaka akanichoka. "Wewe umekaa sana na yule wakili," akasema, "nawe sasa umekuwa mtu wa kesi zisizoisha." Yule wakili mpya, bila wenye kesi kumwendea, hakuwa na la kusimamia. Kesi ikaitwa, hakuna aliyeitika, ikatupwa. Sisi habari tuliipata kwa tingatinga lenyewe.

Lilianza na minazi ya mama. Mnazi hauvunjiki kama mti mwingine. Huinama polepole kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, kisha mizizi yote hutoka nje kwa pamoja, na nazi zikaviringika mpaka mlangoni kwako. Mama alikwenda akiziokota, moja moja, akizitia katika leso, na tingatinga likimfuata nyuma.

Babu alikuwa amesimama na fimbo yake. Akaniuliza, "Mbona hakutuambia?"

"Alituambia, Babu."

Akafikiri sana. "Basi hakusema kwa nguvu."

Hilo, mwanangu, ndilo lililonichoma kuliko minazi. Tulitawanyika. Sisi tulikwenda kwa wajomba upande wa Kaloleni, wengine Mtwapa kupanga vyumba, wengine sijui walikoishia. Na kokote nilikokutana nao, ukitaja jina la Mbeyu, watu husema, "Nani, yule wakili mwanamke? Si alitutoroka, akamfuata mumewe bara!" Watu wale wale waliomshika mkono wakautia katika mkono wa mumewe. Nilijaribu kubishana nao kwenye vilio na kwenye harusi, mpaka wakaacha kunialika. Yeye sikumwona tena. Nilisikia kwamba huko Nakuru joho halikutoka sandukuni. Sijui kama ni kweli, na nimeogopa kuuliza.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliyesoma ukanipita. Anayekuchukia katika kazi yako utamwona akija, na utajipanga. Mwogope zaidi anayekuonea huruma, anayesema umechoka kabla wewe hujasema, anayekushukuru mpaka akakutoa nje. Shukrani ikipitia kwa mtu mwingine, simama uiulize imekuja kwa nani. Uwe na mume, umheshimu, lakini kazi yako asikabidhiwe yeye kama mzigo uliopotea njiani. Ukiwa na mtoto, mnyonyeshe popote, benchi la korti halikumdhuru Neema hata kidogo. Waliodhurika ni waliokuwa wakitazama. Na ukiwa wewe ndiye mwenye kupiga makofi, wewe mwenye kuletewa msaada, basi yule mwanamke anayekuhangaikia akisema bado, nyamaza umsikie. Huenda anasema kwa nguvu zake zote. Kayamba yako ndiyo inayomfunika.

Mungu akupe kazi inayokupenda, na nyumba ambamo kwanza huulizwa wewe. Akupe sauti, kisha akupe na watu wenye masikio, maana nimeona sauti peke yake haitoshi. Akuepushe na sherehe za kukumaliza. Na siku utakayosema imekwisha, iwe imekwisha kweli, na uwe wewe uliyesema.

Limebaki jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Ile nazi iliyochipua ilikaa nyuma ya jiko la Mama Neema, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kupanga na hapakuwa na pa kuipanda. Walipohama niliichukua. Tulipofukuzwa niliipakata ndani ya lori mpaka kwa wajomba. Asubuhi moja, wote wamekwenda kuteka maji, nilichimba shimo mwisho wa shamba, nikatia jivu na chumvi kama tufanyavyo, nikaiweka, nikafukia kwa mikono. Kisha nikajipangusa udongo. Nikasimama wima, mikono kando. Hapakuwa na mtu ila mbuzi aliyefungwa. Nikasema polepole, "Mheshimiwa hakimu, mnazi huu ni wa Mbeyu. Na kesi bado."