Nyama ya Moto wa Miwa

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: majani ya miwa yaliyoungua, masizi yametua mpaka kwenye nguo nilizoanika. Enzi za ruksa hizo, rais karuhusu kila biashara, tunaishi Turiani, na baba yako mdogo Kulwa alikuwa mkata miwa.

Shamba la miwa huchomwa kabla ya kukatwa, unajua. Asubuhi ile wakataji walikuta nguruwe pori kafia humo motoni, ngozi nyeusi kama mkaa. Kulwa akaja na paja begani, wenzake nyuma. Nikamwambia angoje nikateke maji, niichemshe hiyo nyama. Narudi kutoka kisimani, nakuta kakupakata, mnatafuna wote wawili. Ndani nyama ilikuwa nyekundu, inachuruzika.

"Shemeji, unampa mtoto nyama mbichi?"

"Mbichi wapi! Moto umeteketeza shamba zima, ushindwe na paja? Alikuwa analia huyu. Halafu siku hizi kila kitu ruksa."

"Na minyoo nayo ruksa?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Muacheni mwalimu, kasoma mpaka fomu foo!"

Nikakupokonya kile kipande, lakini ulishameza.

Lilianza tumbo. Ikafuata homa, uso ukavimba hadi macho yakazibika, nikikugusa mguu tu unapiga yowe. Niliogopa nitakuzika. Kulwa naye akashindwa hata kuinua panga. Daktari akauliza mmekula nini, nikamwambia. Akasema nyama ile ilikuwa na minyoo, na watoto wa minyoo hiyo sasa wamehamia kwenye misuli yenu. Moto wa shamba hupita mbio. Huunguza ngozi, ndani haufiki. Dawa ilipatikana, mkapona, ila Kulwa msimu mzima ulimpita amelala.

Hasira ninayo mpaka leo, sikufichi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kulwa alichelea, nikalia mimi.

Msimu uliofuata alileta paja jingine, akaliweka jikoni. "Chemsha, shemeji. Nitangoja."

Basi nisikilize. Nyama ya porini haijapita kwa bwana afya kukaguliwa. Ikate vipande vidogo, ichemke mpaka ndani pasibaki wekundu. Pilipili haiui minyoo, ndimu haiui, pombe ndiyo haiui kabisa. Wakikucheka, waache wacheke. Misuli ni yako. Na mtoto wa mtu akililia nyama mbichi, muache alie.

Mungu akupe meno ya kutafuna, mwanangu, na subira ya kungoja sufuria.