Komedi Niliyoitetea Ukweni

Jamani, chekeni tu, mwenzenu nimeaibika ukweni, Upanga. Kuna filamu moja ya vita ambayo wachambuzi wote waliiponda. Mimi nikamwapia baba wa mchumba wangu kwamba hawakuielewa, ile ni komedi. "Mzee, utavunjika mbavu!" Nilishairudia mara kibao kwenye banda la video Kariakoo, DJ wetu akiitafsiri kwa Kiswahili huku akichomekea utani wake.

Mzee akaiweka kwenye runinga, ile halisi, isiyo na DJ. Askari akawa anamzika mama yake. Nikaangua kicheko peke yangu, maana hapo DJ huwa anamdai marehemu funguo za kabati.

Mzee akageuka, machozi mashavuni. "Kijana, unacheka nini?"

Nikamweleza.

"Kumbe filamu yenyewe hujawahi kuiona!"