Mikono Iliyokuwa Inashika Tumbo Yangu

Kosa ni yangu. Nianze na hiyo, kwa sababu hapa mtaani kwetu Mangobo watu waliongea mambo mengine, na mimi niliwaacha waongee.

Mimi niko mama muzee wa upande wa Yanonge, masomo yangu iliishia primaire, shule ya musingi. Binti yangu Anto ndiye ananisaidia kuandika. Majina ya watu sisahau hata moja. Ya kwangu tu ndiyo ninaficha.

Nilikuwa na uvimbe ndani ya tumbo, docteur Augustin akasema watautoa kwa kisu. Mbele ya opération, infirmier moja, muuguzi Jérôme, alikuja kuninyoa chini ya tumbo. Kijana wa umri wa mutoto wangu wa mwisho. Nikamwambia, "Wewe, mama yako anajua unafungulia wazee nguo?"

Akaniita Koko, ndiyo bibi kwetu: "Koko, ni yeye alinituma." Mama Bibiane wa kitanda cha karibu alicheka mpaka akashika mushono wake.

Bon, kisha akaacha kucheka. "Koko, unisikilize. Kisha opération, dawa ya nyumbani hapana. Kwa kinywa hapana, kwa nyuma hapana. Tunangoja tumbo iamuke yenyewe."

Nilisema ndiyo, vile mutu anafukuza nzi.

Opération ilienda muzuri. Lakini kisha tumbo ikajaa hewa, ikakazana kama ngoma. Kila akipita, Jérôme anauliza, "Koko, ulishajamba?" Salle yote, chumba chetu cha wagonjwa, inacheka. Mimi nikachoka. Watoto wangu wote niliwalea kwa lavement: tangawizi, pilipili, maji ya moto kidogo, unaingiza nyuma kwa poire, ile mpira ya kukamua, na tumbo inatulia. Yeye atanifundisha nini?

Asubuhi moja, wakati ma-infirmier wanabadilishana zamu, nikamwambia Anto aifanye. Alikataa. Nikamuuliza, "Nani alikuzaa?" Akatundika pagne, kitenge chake, mbele ya kitanda, akafanya.

Tumbo ilijikunja, ikasukuma. Nikasikia nyuzi zinakatika, kama kitambaa kinapasuliwa. Nilipoangalia chini, matumbo yangu ilikuwa inje, juu ya drap, shuka ya kitanda, inang'aa.

Jérôme alikuja mbio. Alipanda kwenye kitanda kwa magoti, akafunika ile kidonda na kitambaa cha maji, akaweka mikono yake yote mbili juu, akashikilia, akamwita muuguzi mwenzake: "Mama Odette, ita docteur! Koko, usikohoe. Niangalie mimi."

Ndipo wakaingia watoto wangu wanaume, Dieudonné wa motari, wa pikipiki ya abiria, na Faustin anayebeba mizigo kule uwanja wa ndege wa Bangboka. Walikuwa wananiletea uji. Waliona damu, wakaona mutu amepanda juu ya mama yao.

"Maman, nani amekufanya hivi?"

Anto aliangalia chini. Poire ilikuwa ndani ya nguo yake. Na mimi nikaona haya. Haya ya kusema mbele ya watoto wanaume kwamba nimefanyishwa lavement kama mutoto muchanga, tena nimekatazwa. Nikainua kidole kwa Jérôme.

"Ni yeye."

Faustin alimupiga ngumi ya sikio. Jérôme hakutoka. Dieudonné akakamata chuma cha kutundikia chupa ya serumu, akamupiga nacho kwenye mugongo. Hakutoka. Damu ya pua yake ilikuwa inaanguka kwenye kifua changu, iko moto. Akasema, "Muache nishike kwanza. Mutanipiga kisha."

Dieudonné akamupiga na chuma kile kwenye mikono. Nikasikia mufupa ukivunjika. Mikono ile ilikuwa juu ya tumbo yangu, donc kila pigo lilinifikia na mimi. Mama Bibiane alikuwa analia, "Munaua mama yenu, bajinga nyinyi!" Mimi nilikuwa na ulimi. Kusema "muache, ni mimi" kulikuwa kitu gani? Nikafunga macho.

Mukono wake wa kuume ukalegea. Lakini na ule wa kushoto aliendelea kushika mpaka docteur Augustin na walinzi wakafika.

Walinishona tena. Tangu siku ile Mama Odette alinifanyia pansement ya kidonda bila kuniita Koko. "Malade, geuka." Ni hivyo tu, mugonjwa kama wengine. Directeur wa hospitali alikuja kuniuliza pale kitandani, na mimi nikarudilia uongo: Jérôme alinivuta vibaya, mushono ukapasuka. Wakamusimamisha kazi.

Mama Bibiane akaniambia, "Ile asubuhi nilisikia harufu ya pilipili." Nikamujibu ni mboga. Akageukia ukuta.

Nyumbani watu walisifu watoto wangu. Wale ndio wanaume, wanajua kutetea mama. Wakapewa bia. Siku moja Faustin alikuwa anaonyesha marafiki vile alipiga. Akaweka mikono juu ya muto, akaiga: "Hakutaka kuachia, ule mushenzi." Wakacheka.

Sikuweza tena. "Faustin, hakuachia kwa sababu angeachia ningekufa. Ni mimi nilijipasua. Anto, sema."

Anto akasema yote. Dieudonné alisimama, nikafikiri sasa atanipiga. Alipiga ukuta, tena na tena, mpaka ngozi ya vidole ikabaki pale.

Tulienda kwa directeur, kisha kwa Jérôme. Vidole vya mukono wake wa kuume vimekunjika, havifunguki. Muke wake alikuwa anamutolea miiba ya samaki. Nilipiga magoti, nikasema vile nimesema hapa.

Akasukuma sahani kando. Kisha akasema, "Koko, onyesha tumbo."

Nikafungua. Aliinama, akabonyeza kando ya kovu kwa mukono wa kushoto, polepole, vile anafanya na mugonjwa yeyote. "Imefunga muzuri." Akageukia watoto wangu. "Sasa mutoke kwangu."

Directeur alisema jina lake limesafishwa, arudi kazini. Lakini vidole vile havishiki sindano.

Wewe uliye kwenye kitanda cha hospitali: kama walikukataza kitu na ukakifanya, useme. Useme uko uchi, useme na mavi kwenye drap, useme hata mbele ya mukwe wako. Haya inapita, mufupa wa mutu haurudi. Na wewe kijana unayeingia salle na ngumi yako, mbele ya kumupiga mutu, angalia kwanza mikono yake inafanya kazi gani.