Gauni la Mama wa Bibi Harusi

Mimi ni fundi cherehani hapa Area D, na kabla sijagusa mkasi, nachora. Mafundi wenzangu wananicheka. Siku hizi mteja anakuja na picha kwenye simu, anasema nataka hivi, basi. Mimi picha hizo naziangalia kwa adabu tu. Yule aliyepigwa picha ana mabega yake na kiuno chake. Mteja wangu namchora yeye mwenyewe kwa penseli, huku anaona.

Kuna mama mmoja, mtumishi wa serikali, alikuja zikiwa zimebaki wiki chache amwoze binti yake. Akanionyesha picha, akaikataa mwenyewe. Akafungua nyingine, nayo akaikataa. Nikaanza kupandwa na hasira, maana wateja wengine walikuwa wanasubiri.

"Mama yangu, weka simu pembeni nikuchore," nikamwambia.

Nikamchora na gauni la kubana kifuani, kama wanavyopenda mama wengi wa maharusi. Aliutazama mchoro. Kisha akachukua ufutio wangu, akafuta titi la kushoto.

Nikaiweka penseli mezani.

"Lilikatwa. Saratani," akasema. "Mafundi wawili nimewakimbia siku ya vipimo. Nilishaamua, mwanangu, siku ya harusi nijifanye naumwa."

Picha ya simu angeifuta vipi? Nikamsogezea karatasi, tukaanza upya pamoja. Mchoro uliofuata ulimfunika mno. Akasema anaonekana kama mgonjwa aliyejitanda shuka la hospitali. Tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Tukafuta, tukachora tena, mpaka nikakumbuka lubega, lile vazi la begani la wazee wetu wa Kigogo. Pale kwenye karatasi nikapitisha kitenge juu ya bega la kushoto, nikakiachia kishuke kwa mikunjo mipana mpaka kiunoni.

"Hilo hapo," akasema, akiigonga karatasi kwa kidole. "Hilo nakwenda nalo."

Nilialikwa harusini, nikakaa meza ya nyuma. Mshereheshaji alipomwita mama wa bibi harusi, alitoka akicheza katikati ya ukumbi, mikono yote miwili juu, na kitenge kikatulia pale pale nilipokichora. Mashangazi walipiga vigelegele. Vyangu vilikuwa vikubwa kuliko vyao.