Dobi Bado Hajaona

Dobi ni mtu wa kupekua mifuko. Katika chumba cha chini cha hoteli, kabla suruali ya mgeni haijaingia mashineni, vidole vyake vimeshapita kila pindo, na humo ameokoa pete, funguo na hata meno ya bandia. Mashine zenyewe hunguruma tangu asubuhi, kwa hiyo wafanyakazi huzungumza kwa ishara tu. Jioni hurudi kwenye chumba chake cha kupanga, akapika, akala, akaosha sahani moja. Tangu ahamie mji huu kwa ajili ya kazi alikuwa mpweke, tena upweke wa kweli, ule wa mtu kufurahi akigongewa mlango hata na aliyekosea nyumba.

Kilichomwokoa ni tamthilia ya mashemeji wawili waliooa nyumba moja na sasa wanagombea kiwanda cha mikate, huku mama mkwe akiwachonganisha na kujifanya malaika. Ilirushwa kila Ijumaa. Mashabiki wake walikuwa na kundi kwenye simu, watu thelathini hivi wasiowahi kuonana, chini ya nesi mmoja mkali kama pilipili. Sheria ya Nesi ilikuwa moja: hakuna kuzungumzia kipindi mpaka kila mtu aandike "nimeona". Wengine wana zamu, wengine umeme hukatika, basi asiyeona asiharibiwe utamu. Dobi, aliyejiunga kwa jina la "Dobi wa Hoteli", aliandika neno hilo kila wiki kwa miaka miwili na hakuongeza la pili. Wenzake walipoanza kutaniana, alicheka peke yake kitandani. Alitamani kusema, lakini nani angemsikiliza? Aliamini kwamba siku akitoweka, kundi litaendelea kama kawaida.

Kinyozi hajinyoi. Ijumaa moja, siku ambayo ingejulikana nani aliyechoma kiwanda, Dobi alivua ovaroli lake akalitia mashineni bila kulipekua. Simu ilikuwa mfukoni. Ilitoka safi, inanukia vizuri, imekufa.

Fundi simu aliifungua, akatikisa kichwa, akasema sabuni imeingia kila mahali, itachukua siku kadhaa. Akauliza kama kuna haraka.

"Hakuna," Dobi akamjibu. "Dada yangu hupiga mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi bado. Wengine hawana habari na mimi."

Alilisema kwa mzaha, lakini lilimuuma.

Alhamisi iliyofuata aliikuta simu imefufuka. Aliiwasha pale pale kwenye benchi la fundi, akijua atakuta mabishano ya wiki nzima kuhusu ule moto. Hakukuta hata neno moja la moto. Alikuta jina lake. Jumamosi: Dobi bado. Jumapili: jamani, nani ana habari za Dobi? Dereva wa lori, mtu asiyeweza kutunza siri hata ya kuku, aliapa kwamba atapasuka. Mmoja alipopendekeza waendelee tu, kwani Dobi huwa hasemi kitu, Nesi alimshukia.

"Dobi hajawahi kukosa hata wiki moja," aliandika. "Kama kanyamaza, ana jambo. Tunamsubiri."

Dereva akaanza kupigia simu hoteli moja baada ya nyingine akimuulizia dobi, mpaka moja ikamtishia polisi.

Dobi alisoma, akarudia. Machozi yakamtoka mbele ya fundi, na hakuona haya. Akaandika kwamba yupo, ila simu aliifua. Walicheka mpaka kioo kikajaa. Kisha Nesi akauliza kama ameona. Alikuwa hajaona. Kundi zima likaguna, likamwambia afanye haraka, naye akakaa kutazama kipindi kwenye simu, fundi akichungulia begani na kuuliza huyu ni nani, yule ana kisa gani.

Kilipoisha aliandika "nimeona", akasubiri waanze.

"Anza wewe," Nesi akaandika. "Umetuweka wiki nzima."

Aliandika kwamba shemeji mdogo, aliyekiri kuchoma kiwanda, anasema uongo, anamlinda mama mkwe. Hapo hapo wakamvamia. Dereva akamwambia hajui kutazama, mwalimu wa chekechea akadai ushahidi, Nesi akasema anakataa katakata. Dobi aliwajibu mmoja mmoja kwa furaha, mpaka fundi akafunga duka yeye akiwa bado kibarazani. Tangu ahamie mji huu, hakuna mtu aliyewahi kujisumbua kumbishia.