Chupa ya Kilomita ya Thelathini

Jogoo wa jirani hajamaliza ubishi wake, na jiko la kambi ya wakimbiaji limeshawaka. Mpishi anakoroga ndoo ya maji, sukari, chumvi na ndimu. Anaonja, anakunja uso, anaongeza chumvi kwa ncha za vidole.

"Wakiniambia tamu, ujue nimeharibu," anasema. "Hiki ni kinywaji cha mbio, si chai ya wageni."

Wakimbiaji wanamwita Mama Chupa. Ndiye anayewapikia wali na viazi kabla ya mashindano, na ole wake atakayejaribu chakula kigeni asubuhi ya mbio. "Tumbo nalo hufanya mazoezi," huwagombeza, "msilishtukize." Wanacheka, lakini wanatii.

Jambo moja tu halifanyi. Siku ya mashindano hasimami barabarani kumpa mtu chupa. Huu mwaka wa tisa.

Mume wake alikuwa mkimbiaji wa marathoni. Siku ile jua lilikuwa kali, naye kwa mapenzi yake akapanda pikipiki, akawa anamsubiri kila kona na maji matupu. "Nimeshiba," mume alisema, mara ya kwanza na ya pili. "Kunywa, mume wangu, utakauka!" Akanywa. Alimaliza mbio akiyumba, hajui hata alipo. Watu wakadhani ni kiu, wakamwongezea maji. Jioni haikumkuta hai.

"Daktari alinieleza taratibu. Maji yalizidi, yakaizimua chumvi ya mwilini." Anafuta meza ambayo tayari ni safi. "Ndugu zake walisema ni kazi ya Mungu. Sawa. Lakini mkono ulikuwa wangu. Shoga yangu mmoja akanifariji, eti maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia, dada, usinitajie maji!"

Anacheka kidogo, kisha kicheko kinamkatika.

Jumapili binti yake wa pekee anakimbia marathoni yake ya kwanza. Kila mkimbiaji ameruhusiwa mtu mmoja wa kumpa chupa kwenye kilomita ya thelathini. Kocha alijitolea. Binti akakataa katakata: "Ni mama, au sinywi."

"Mtoto huyu ana kichwa kigumu kama baba yake," mama analalamika.

Kwa hiyo asubuhi hii wanajaribu kwenye uchochoro nyuma ya jiko. Binti anakuja mbio. Mama ananyoosha mkono, chupa ameishika shingoni inavyotakiwa. Binti anaikamata, haitoki. Nusura aanguke.

"Achia, mama!"

"Si nimeachia!"

"Hujaachia."

Wanarudia, vidole ni vilevile, vimeganda. Mara ya tatu chupa inaanguka na kinywaji chote kinamwagika. Binti haiokoti. Anamkumbatia mama yake, jasho na yote, na mama analia kwa sauti mpaka wapishi wenzake wanatoka jikoni.

Baadaye anaijaza chupa upya. Anaonja, anafunga kifuniko, anafungua, anaonja tena. Jumapili anatarajia nini?

"Ushindi nawaachia wenyewe," anajibu. "Mimi naomba mkono wangu ufunguke. Na mwanangu akisema ameshiba, nimsikie."