Karatasi Aliyotia Sahihi Baba

Baba alikuwa fundi wa redio pale kijijini Merikit, karibu na Tororo, kwa miaka mingi, ufundi aliojifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga. Mama alipoanza kudungwa insulini, daktari akasema dawa lazima ikae kwenye ubaridi. Baba akavuka mpaka Busia upande wa Kenya, akarudi na paneli mbili za sola, betri moja na nyaya. Alipanda juu ya mabati na umri wake wote ule, na kwa siku tatu hakukubali mtu amshikie hata ngazi. Siku ya nne friji ndogo ya Mama ikanguruma.

Ila betri moja haikutosha. Mawingu yakikaa siku mbili, friji ilizima na dawa ikaharibika. Ndipo tukasikia kuna mradi unaowapa betri ya pili bure watu waliofunga sola nyumbani. Mimi ndiye niliyejaza fomu.

Afisa wa mradi alikuja asubuhi moja, mwanamke mpole. Akapanda ngazi, akakagua kila mahali nyaya zilipoungana.

“Mzee, kazi ni safi,” alisema aliposhuka. “Wengine wana leseni na hawafungi hivi. Nani amefunga?”

“Ni mimi.”

“Leseni iko wapi?”

“Sina. Niko na hii mikono tu.”

Yule afisa akafunga faili lake. “Pole, mzee. Bila fundi wa leseni, fomu haipiti.”

Wiki iliyofuata nilimleta fundi wa leseni kutoka Tororo mjini. Hakupanda juu. Alisimama ukutani, chini ya paneli, akapigwa picha kwa simu yake, kisha akaandika namba ya leseni kwenye fomu. Ilibaki sahihi ya mwenye nyumba, chini ya maneno yaliyosema kazi yote ilifanywa na fundi huyo.

Baba aliisoma karatasi mara mbili.

“Unataka niseme si mimi?”

“Ni karatasi tu, Baba. Mfikirie Mama.”

Nilimpa kalamu mwenyewe. Akatia sahihi, akachukua jembe, akaenda shambani bila kunywa chai.

Betri ilikuja, na dawa ya Mama haikuharibika tena. Lakini yule fundi alizunguka kijijini na ile picha, akitafuta kazi. Jirani yetu, aliyekuwa amemwomba Baba amfungie sola kwake, akaja kuuliza.

“Mzee, kumbe ile kazi haikuwa yako?”

Baba alinitazama. Nilijua anachoogopa: akisema kweli, betri itarudishwa. Nami nikainuka kumtafutia jirani kiti.

“Si yangu,” alisema.

Habari ilienea kwamba mzee alikuwa anajisifia kazi ya mtu. Tangu hapo hakuna aliyemletea hata redio ya kubadilisha waya. Alikaa barazani mchana kutwa, mikono magotini, na nikimsemesha alijibu kwa neno moja. Hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza.

Alifariki kabla mwaka haujaisha. Kwenye mazishi, katekista alisoma maisha yake: mkulima, mume, baba wa watoto watano. Ufundi haukutajwa. Mama akanigeukia, akingoja nisimame niseme. Jirani yule alikuwa amekaa mstari wa mbele. Niliinamisha kichwa mpaka sala ikaanza.